Tangi Lililokunywa Dawa ya Sakafu

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, goti la kulia hulia nikiinama, na juzi nimekabidhi gambuti za kazi kwa mtu mwingine. Mkuu wa shule ametangaza kwamba sisi wa kidato cha nne tuachie wengine vyeo, tushike vitabu. Vitabu nimeshika. Lakini kabla sijasahau mambo, nimeona niwaandikie ninyi mliochaguliwa kulisha tangi la gesi, kwa sababu najua mnavyosema huko bwenini: ati hii ni kazi ya mavi tu. Ni kazi ya mavi, sikatai. Hiyo "tu" ndiyo nakataa.

Habari ya vyeo na mshahara sitaigusa. Cheo nilikuwa nacho kimoja, Kapteni wa Gesi, na bweni zima lilikifupisha kwa jina ambalo siwezi kuandika hapa kwa kuwa Mwalimu Swaleh atasoma. Mshahara ulikuwa ukoko wa ugali, na mpishi alitoa siku akijisikia.

Nilipata kazi kwa kuuliza swali. Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja pale paredi, Mkuu alitueleza kwamba kuna wafadhili wametupa saruji na mafundi, tutachimbiwa tangi nyuma ya zizi, na samadi ya ng'ombe wa shule itatoa gesi ya kupikia. Shule itaacha kuni. Moshi utaisha, miti itapona, na sisi tutakuwa mfano kuanzia Kitale mpaka Bungoma. Nikainua mkono.

"Mkuu, na ng'ombe wakikataa kunya wakati wa mtihani?"

Shule ilianguka kicheko. Mkuu akangoja kiishe, akasema polepole, "Kariuki. Kwa vile unajali sana matumbo ya ng'ombe, utakuwa kapteni wao." Ndiyo mahojiano ya kazi niliyofanyiwa. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Siku ya kwanza nilipewa gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, koleo, karai, na mti mrefu wa kukorogea. Mwalimu Swaleh, wa kemia, alikuja kutufundisha. Yeye ni mtu wa Kitale mjini, kwao ni karibu na msikiti, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba akikukemea unajisikia kama umesomewa taarifa ya habari. Alikunja mikono ya shati, akaingiza mkono mzima ndani ya karai la samadi, akatoa jiwe.

"Tangi ni tumbo," alisema. "Msililishe mawe, wala majani makavu. Ndoo ya samadi, ndoo ya maji, mkoroge mpaka uwe uji. Humo ndani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wao ndio wafanyakazi. Ninyi ni wahudumu wa meza."

"Mwalimu, na wao wanakula mara ngapi?" niliuliza.

"Kila siku, Kariuki. Hata Jumapili. Hata siku usiyojisikia."

Hapo nilijua nimekwisha. Mimi kwetu ni Moi's Bridge, baba anauza mahindi, na shambani kwetu sikuwahi kuamka kabla ng'ombe hawajaamka wenyewe.

Mwenzangu kwenye koleo alikuwa Wanjala. Tuliketi dawati moja tangu kidato cha kwanza. Yeye ni mtu wa hapa hapa Kamukuywa, kwao unavuka barabara ya shule unafika, na ana ugonjwa mmoja mbaya sana: huwaza kabla hajafanya. Mimi nilikuwa nasema, yeye anafanya, kisha mimi nasifiwa. Tulielewana.

Wiki kadhaa tulilisha lile tumbo bila kuona kitu. Kisha siku moja Mwalimu akafungua koki jikoni, akawasha kiberiti, na moto ukashika. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu ulikuwa mchana na moto wenyewe ni wa buluu, hauonekani. Mpishi akauweka mkono wake juu kuhakikisha. Tulipomsikia akipiga kelele ndipo tukashangilia.

Huyo mpishi ndiye Kuka Barasa. Kuka ni babu kwa Kibukusu, na ndivyo shule nzima inavyomwita, hata Mkuu akisahau. Amepika hapa tangu majengo yakiwa ya udongo. Kuka alikuwa akijua saa ya githeri, yale mahindi yetu na maharagwe, kwa moshi. Moshi mzito, bado. Moshi mwembamba, onja. Sasa amepewa moto usio na moshi, akawa kama mtu aliyenyang'anywa saa mkononi. Wiki ya kwanza ya gesi tulikula githeri ngumu mara tatu na moja iliyokuwa uji.

"Sasa nitajuaje?" alikuwa akilalamika. "Moto gani huu bana, hauongei!"

Na wanafunzi nao, badala ya kushukuru, wakasema chai imepoteza ladha. Ni kweli. Hatukujua kwamba miaka yote tumekuwa tukinywa chai ya moshi. Ilibidi Kuka awe anachoma kijiti kimoja kando ya sufuria, ili watu watulie. Hiyo ni siri ya kazi, msiwaambie wageni.

Baada ya wiki hiyo tuliona gesi inatosha chai na mboga tu, kuni zikabaki za ugali na githeri. Hapo ndipo ninafika kwa Mama Naliaka.

Mama Naliaka ndiye aliyekuwa akileta kuni, yeye na wenzake watano. Si kuni za kuiba msituni. Wana miti yao ya bulugamu mpakani mwa mashamba, wanakata huu, wanapanda ule. Shule yetu, kama nyingi huku, inapokea karo kwa mahindi, kwa maharagwe na kwa kuni, na wale wanawake sita walikuwa wamesomesha watoto wao hapa kwa kuni tupu. Naliaka ni binti yake wa kwanza, ameolewa Sirisia. Kitinda mimba wake ni Wanjala, yule yule wa dawati langu na koleo langu.

Soma hiyo tena. Mwana wa kuni ndiye alikuwa anakoroga tangi la kuziondoa kuni. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeshughulika kutunga majina ya ng'ombe.

Kulikuwa na Kamati ya Gesi, na mimi kama kapteni niliitwa kwenye mkutano. Mkuu, naibu wake, mwenyekiti wa bodi, bwana mmoja wa wafadhili mwenye kofia, karani wa shule, Mwalimu Swaleh, na mwalimu wa kilimo. Ofisini kwa Mkuu kuna viti saba. Nilisimama karibu na kabati la vikombe vya michezo. Waliamua kwamba muhula ujao shule iache kuni kabisa, kwa sababu mgeni rasmi atakuja kufungua mradi na haipendezi akute magogo. Mwalimu Swaleh akauliza kama ng'ombe tisa watatosha. Akaambiwa watatosha. Hakuna aliyeuliza swali lingine, hata mimi, ambaye nilipata kazi kwa kuuliza swali. Kisha Mkuu akanipa barua.

"Mpelekee Mama Naliaka. Wewe una miguu."

Nilimkuta akipasua gogo. Aliweka shoka chini, akafuta mikono kwa leso, akaisoma barua mara mbili, taratibu, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

"Ati shule haitahitaji kuni," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nani ameamua?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Alihesabu kwa vidole. Nilipofika kwangu mwenyewe alisimamisha kidole hewani.

"Na wewe pia? Mtoto wa Moi's Bridge, ambaye juzi ulikuja hapa kwangu ukala ndizi zangu ukazimaliza, wewe umekaa kwenye kamati ya kuamua kuni zangu?"

"Sikukaa, Mama. Nilisimama."

Nilitaka acheke. Watu hucheka nikisema hivyo. Yeye akakunja barua akaiweka chini ya leso, akachukua shoka.

"Haya. Waambie nimeisoma."

Njiani nikirudi ndipo ikanigonga. Kuni ndizo karo. Bila kuni, Wanjala muhula ujao ataitwa kwenye ile orodha ya kurudi nyumbani, na akirudi nyumbani hakuna kitu kingine huko cha kumleta tena. Na barua nimeipeleka mimi, nikipiga mluzi.

Jioni tukikoroga nilimwambia, "Wanjala, bana, mimi sikujua."

"Ulijua," alisema, bila hasira. "Hukuwaza tu. Ongeza maji."

Sasa kazi ngumu kuliko zote, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya. Muhula mpya ulifunguliwa, na mgeni rasmi akapangiwa Jumamosi ya wiki ya pili. Mkuu alisema mambo ya karo yatazungumzwa mgeni akishaondoka, kwa hiyo Wanjala alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili za shule.

Mnajua shule zetu mgeni akija. Mawe yanapakwa chokaa. Nyasi zinakatwa kwa panga mpaka ardhi inaona haya. Watu wanaofundisha wanaanza kufunga tai. Na Jumatatu ya wiki hiyo ya pili Mkuu alipita zizini, akaweka kitambaa puani, akaniambia, "Kariuki, mgeni atasimama hapa. Sitaki harufu."

Sasa, zizi bila harufu ni nini? Lakini mimi nilikuwa kapteni, na nilitaka Mkuu awe na furaha ili nimwombee Wanjala. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nikaenda stoo, nikachukua jerikani nzima ya dawa ya sakafu, ile ya harufu ya limau inayosafishiwa choo cha walimu. Nikaimimina yote. Timu yangu ikasugua zizi kwa fagio mpaka saruji ikang'aa. Ng'ombe walisimama wameinua miguu kama wageni kwenye nyumba ya zulia. Harufu ya limau ilifika mpaka darasa la historia.

Wanjala alisimama na fagio lake. "Kariuki, hii maji inaenda wapi?"

"Inaenda kuzimu. Sugua."

Haikwenda kuzimu. Ninyi ambao mmeanza kazi mnajua mfereji wa zizi unaishia wapi. Unaishia kwenye mdomo wa tangi. Niliwanywesha wale wafanyakazi wote wasioonekana jerikani nzima ya dawa ya kuua wafanyakazi wasioonekana.

Jumatano moto ulikuwa mfupi. Alhamisi Kuka Barasa alisema sufuria ya chai imemchosha. Ijumaa nilimwambia kila mtu kwamba tangi linajiwekea akiba ya siku kuu. Niliyasema vizuri mpaka nikayaamini mwenyewe.

Jumamosi mgeni akaja. Kwaya iliimba. Kuku walikuwa wamechinjwa, mchele umechaguliwa, na jikoni kumefagiwa hivi kwamba hakuna hata kipande cha kuni. Mkuu akamwongoza mgeni kwenye jiko jipya lililofungwa utepe. Utepe ukakatwa. Mkuu akafungua koki, akawasha kiberiti, akakisogeza. Hakuna kitu. Kiberiti kikaungua mpaka vidoleni mwake. Akawasha cha pili. Kwaya, kwa kuwa ilikuwa imeambiwa iimbe moto ukiwaka, ilikuwa imeshavuta pumzi, ikabaki nayo.

Mkuu akatabasamu kwa meno yote, akasema tuanze kwanza kwa kutembelea bustani ya kabeji. Alipopita karibu nami tabasamu halikusogea, midomo tu ndiyo iliyosema: "Kimbia kwa Mama Naliaka. Kuni. Sasa hivi."

Nilimkuta ameketi na wenzake wawili wakimenya maharagwe. Nilihema mpaka wakanipa maji.

"Mama, gesi imekufa. Mgeni yuko. Kuku ni mbichi. Mkuu anaomba kuni."

Wale wawili walitazamana, wakaangua kicheko mpaka maharagwe yakamwagika. Mama Naliaka hakucheka.

"Mkuu anaomba, au wewe unaomba?"

"Sisi wote, Mama. Hata kuku."

"Nitaleta," alisema. "Lakini safari hii siziachi mlangoni nikarudi. Naingia nazo, na mkikaa kuongea, nami nakaa. Kawaambie hivyo. Usiongeze chumvi."

Sikuongeza. Mkuu alikubali kwa kichwa, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Wakaja wote sita, mizigo kichwani, kwa lango kubwa, katikati ya zile barabara za mawe ya chokaa. Mgeni alikuwa anatoka kwenye kabeji. Akadhani ni sehemu ya ratiba. Akapiga makofi. Bodi nzima ikalazimika kupiga makofi. Kwaya ikaona ndiyo nafasi yake, ikaimba.

Kuka Barasa alipoona kuni, karibu alie. Aliwasha moto, moshi ukapanda, akautazama kama mtu aliyekutana na shemeji yake mjini. "Sasa nipeni saa moja," alisema, na kweli ilikuwa saa moja.

Ndani ya saa hiyo ndipo mambo yalipoharibika. Mkuu alituita timu ya gesi nyuma ya jiko. Mwalimu Swaleh alikuwapo, na Mama Naliaka alikuwa pale pale akipasua vijiti vya mwisho.

"Tangi halifi lenyewe," Mkuu alisema. "Kuna mtu amelifanyia kitu. Mlinzi amemwona Wanjala asubuhi na mapema na ndoo."

"Ilikuwa zamu yangu, Mkuu," Wanjala alisema. "Nilikuwa nalisha."

"Ulikuwa unalisha nini? Na tunajua ni nani anafaidika gesi ikikosa."

Hakumtazama Mama Naliaka, lakini shoka la Mama Naliaka lilisimama.

Nataka mjue nilichofikiri, kwa sababu mtu akistaafu hana sababu ya kudanganya. Nilifikiri kunyamaza. Kwa muda kama wa kupiga chafya, nilifikiri hivyo. Kisha nikaona mikono ya Wanjala, ina nyufa za samadi kama yangu.

"Mkuu, ni mimi. Nilimwagia dawa ya sakafu."

Na mnajua nini kilitokea? Timu ikacheka. Mkuu akanitolea macho. "Kariuki, leo si siku ya mzaha wako."

"Si mzaha, Mkuu. Jerikani nzima. Ya limau."

Wakazidi kucheka. Hata Kuka dirishani alitingisha kichwa, "Huyu mtoto jameni." Nilikuwa nimesema uongo wa kuchekesha miaka miwili, na sasa nina ukweli mmoja tu na hakuna anayeutaka. Nikakimbia stoo, nikarudi na jerikani tupu, nikaiweka miguuni pa Mwalimu Swaleh. Kisha nikaenda kwenye mdomo wa tangi, nikachota tope kwa mkono, nikamletea.

"Mwalimu, nusa. Tafadhali."

Mwalimu Swaleh aliinama, akanusa mkono wangu. Akanusa tena.

"Limau," alisema. "Mkuu, kijana anasema kweli. Amewaua kwa usafi."

Hakuna aliyecheka tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mkuu alimtazama Wanjala, kisha akarekebisha tai yake. Mama Naliaka aliegemeza shoka ukutani.

"Mkuu," alisema, "chakula kimeiva. Twende tukakae."

Akakaa. Aliletewa benchi ya darasani kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni. Walipofika kwenye soda alisimama, na mimi nilikuwa nikigawa vijiko, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mimi sikatai gesi," alisema. "Macho yangu haya yamepikwa na moshi tangu nikiwa msichana. Mkiniletea moto usio na moshi, mimi nitakuwa wa kwanza kuushangilia. Ninachouliza ni kitu kidogo. Mmechimba, mmejenga, mmeamua, na sisi tunakaa hapo ng'ambo ya barabara. Kwa nini hamkutuita? Ng'ombe wenu ni tisa na wamekonda. Hata bila hii dawa ya huyu kijana, hilo tangi lingeshinda njaa. Sisi sita tuna ng'ombe kumi na wanne. Mngetuuliza, tungewaambia."

Mgeni aliuliza, "Kwa hiyo Mama unapendekeza nini?"

"Tulikuwa tunaleta kuni, watoto wanasoma. Tulete samadi, watoto wasome. Na lile tope linalotoka upande wa pili mturudishie, shamba linalipenda. Na siku mkikutana, mtuite. Basi, nimemaliza. Kuku ni mtamu."

Mwenyekiti wa bodi aliangalia paa. Mkuu aliangalia sahani. Mwalimu Swaleh, kwa ile sauti yake ya redio, akasema kwamba hesabu ya Mama ni sahihi kuliko ile aliyowahi kuiuliza yeye ofisini akajibiwa watatosha. Mgeni akaandika kitu kwenye kijitabu. Wiki iliyofuata jina la Wanjala halikusomwa kwenye orodha ya kwenda nyumbani.

Adhabu yangu ilikuwa kumwaga tangi lote, ndoo kwa ndoo, na kulianzisha upya. Mwalimu alinituma machinjioni Kamukuywa kuleta kilichomo ndani ya matumbo ya ng'ombe, kwa kuwa vijidudu vinavyotakiwa vinakaa humo. Nilirudi kwa miguu na ndoo mbili, na nawaambia, barabarani nilipewa nafasi ambayo hata magari ya serikali hayapewi. Wanjala alikuja kunisaidia bila kuombwa. Tulikoroga pamoja, mpaka akasema, "Ati kuzimu," akaanza kucheka, nikajua mambo yamekwisha. Wiki kadhaa baadaye moto ukarudi, mrefu kuliko wa kwanza, maana sasa tangi lilikuwa linashiba. Kuka alijifunza kusikiliza mlio wa sufuria. Bado anachoma kijiti.

Kidato cha tatu Mwalimu Swaleh alituletea jambo jipya. Alikuwa na kibamba cha sola, kidogo kama daftari, nyaya mbili, na bakuli la maji. Jua likipiga kibamba, mapovu yalipanda kwenye vichupa viwili vya kioo vilivyopinduliwa majini. Alisogeza kijiti cha moto kwenye kimoja, kikafanya "pwap!" Wa kidato cha kwanza wakaingia chini ya meza.

"Hii ni haidrojeni," alisema. "Imetoka kwenye maji kwa nguvu ya jua. Ikiungua haitoi moshi, inarudi kuwa maji. Mtakapokuwa na umri wangu, huenda kukawa na viwanda vinavyofanya hivi. Vya kupikia, vya kuendesha magari, vya kutengenezea mbolea."

Siku hiyo Mama Naliaka alikuwa ameleta samadi, akapita dirishani kuona kelele ni ya nini. Mwalimu akamkaribisha, akarudia "pwap" kwa heshima yake. Alipenda. Aliomba irudiwe. Kisha akauliza:

"Mwalimu, na hicho kiwanda, maji ni ya wapi?"

"Ya mto, Mama. Au ziwa."

"Mto upi?"

"Wowote wenye maji ya kutosha."

"Mwezi wa pili mto huu wetu unauvuka na magoti hayalowi, na huko chini mto unakokwenda kuna watu wanaoungoja. Walio chini mmewauliza?"

Mwalimu Swaleh akaweka kichupa chini. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: *Walio chini mmewauliza?* Akasema isifutwe. Tulipoenda mashindano ya sayansi Kitale na kile kibamba, Wanjala na mimi tuliandika swali hilo chini kabisa ya bango letu, baada ya hesabu zote. Jaji mmoja alishusha miwani akauliza ni mtaalamu gani aliyelitunga. Wanjala akasema, "Ni mama yangu. Anauza kuni. Alikuwa." Hatukushinda. Tulikuwa wa nne, na walioshinda walikuwa na roboti ya kufungua soda. Lakini jaji yule aliliandika swali mkononi mwake, kwa kalamu, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimejaa.

Sasa ushauri kidogo. Gambuti moja ni ya kushoto na nyingine pia, mtazoea. Jiwe dogo ndilo huziba, kubwa utaliona mapema ulitoe. Msiwaamini ng'ombe siku za mvua. Mfereji wa zizi ufunikwe kabla ya kusafisha kwa chochote chenye harufu nzuri. Na mtu akiwapa barua ya kupeleka, isomeni mbele yake kwanza kabla hamjaanza kupiga mluzi.

Juzi ndiyo ilikuwa kamati yangu ya mwisho. Nilienda kukabidhi koki, mti wa kukorogea, na yale majina ya ng'ombe. Nilitoka zizini moja kwa moja, kwa hiyo nilinuka kama mtu mwenye kazi. Ofisini viti saba vilikuwa vimejaa kama kawaida. Mama Naliaka na mwenzake mmoja waliketi kwenye ile benchi ya darasani, ambayo haijawahi kurudishwa darasani, na Wanjala mwishoni mwake na daftari, kwa kuwa kamati ilimfanya mwandishi. Mimi nikaenda mahali pangu, karibu na kabati la vikombe.

Mkuu alikuwa ameanza kusoma ajenda. Mama Naliaka akamkatiza.

"Ngoja kidogo, Mkuu. Huyu mbona amesimama?"

"Ni mwanafunzi, Mama. Anakabidhi tu, halafu anaenda."

"Miaka yote hii?" Akanigeukia. "Tangu ile barua bado unasimama?"

"Nimezoea, Mama."

"Hapa hatusimamishi mtu. Wanjala, sogea. Mwenzako akae."

Wanjala akasogea, akiziba pua, msaliti. Nikakaa. Benchi ilikuwa fupi, bega langu likagusa leso ya Mama Naliaka, bado ilikuwa na moshi kidogo. Mkuu akaendelea na ajenda. Hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye Kamati ya Gesi kwa mara ya kwanza, siku ya kustaafu, kwa dakika kama kumi na tano, nikiwa nimevaa gambuti mbili za kushoto.